Walinipima Saa ya Sirene

Mtu akikuambia kwamba hasira yako ni ugonjwa, muulize kwanza alikupima saa ngapi. Usimtukane, hata kama anastahili. Muulize tu. Mimi sikuuliza, kwa sababu aliyenipima alikuwa mtu mwema mwenye elimu yake, na kwa sababu nilikuwa na rovu shingoni, macho yamenitoka kama ya panya aliyebanwa na mlango, na nyumba nzima ilikuwa imechoka na kelele zangu. Nikakubali kwamba hasira yote ilitoka kwenye tezi. Nyingine ilitoka huko kweli. Iliyobaki ndiyo inayonikalisha leo kuandika, ili wewe unayepewa vidonge vya kutuliza tezi usije ukatulizwa mpaka ukazimwa. Kovu la kisu ninalo shingoni. Nimepona. Hasira pia ninayo, na ninaitunza vizuri.

Ilianza mvua zikielekea kuisha, miaka ile ambayo kampuni ya shaba iliyotulisha Kolwezi nzima ilikuwa inaanguka. Nguo zilianza kunipwaya. Nilikula bukari, ugali wetu, kama mchimbaji aliyetoka zamu, na bado kiuno kilipungua hadi kitenge nikakifunga kwa pini. Wenzangu wakijifunika, mimi natoka jasho. Nikimimina chai, mfuniko wa birika unagonga wenyewe kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Na moyo! Unakimbia nimekaa, unakimbia nimelala, mpaka mume wangu akasema anausikia kwenye godoro. Siku moja nilimrushia mwiko wa bukari kwa sababu alikuwa anapuliza chai yake. Anapuliza chai, basi, hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Mume wangu ni Mulumba. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kusagia mawe ya shaba. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na Wazungu kuja kuchimba, naye Mulumba akazaliwa hapahapa Kolwezi, akasoma hapa, akanioa hapa. Kasai aliiona kwenye ramani ya shule. Mimi wazazi wangu ni watu wa kaskazini ya Katanga. Mtoto wetu tuliyejaliwa ni mmoja, Ntumba, msichana aliyekuwa amemaliza sekondari mwaka ule. Kabla ya siasa, hakuna aliyetuuliza damu yetu inatoka upande gani wa mto. Halafu wakubwa wakaanza kuhutubia kwamba Katanga ni ya Wakatanga, watu wa Kasai warudi kwao.

Mdogo wangu wa kiume, Ngoy, alikuja kuniona akanikazia macho shingoni. "Yaya," akasema, maana kwetu ndivyo dada mkubwa anavyoitwa, "batu ya kwa bwana yako njo balikuloga."

"Ngoy, Mulumba mwenyewe hata kuku hawezi kuchinja. Ataloga nani?"

"Weye cheka tu. Ile si ugonjwa, ni bulozi ya Bakasai."

Uchawi wa watu wa Kasai! Tazama upuuzi huo. Kampuni haina mishahara, Bakasai. Shingo imevimba, Bakasai. Mvua ikichelewa nayo ingekuwa ni Bakasai.

Nilikwenda hospitali ya kampuni. Ninyi mnaosoma mnajua kungoja, lakini sijui kama mmewahi kungoja kule ambako wanajeshi wamepita na kupora hata vioo vya madirisha. Ulikuja na pamba yako, glovu zako, na mafuta ya taa kama unataka chombo kichemshwe. Mabenchi yalikuwa mawili. Mwanzoni kila mtu alikaa alipopata nafasi. Wiki chache baadaye nikakuta Bakasai wamekaa benchi la ukutani, na wale waliojiita wana wa nchi wamekaa benchi la mlangoni penye hewa. Hakuna aliyetoa amri. Watu walijipanga wenyewe, kama kuku wanaojua tundu lao. Nilisimama katikati, jasho linanitiririka, miguu inatetemeka, nikakataa kukaa kokote. Mama mmoja wa benchi la ukutani alilowesha leso yake kwenye chupa ya maji, akainuka, akanizungushia shingoni, juu ya rovu lenyewe, mahali ambapo hata dada zangu waliogopa kugusa. Hakuniambia jina lake. Mungu amlipe popote alipo.

Daktari aliyebaki aliitwa Kabeya. Yeye pia alikuwa wa asili ya Kasai. Alinipapasa shingo, akanishika mkono akahesabu mapigo ya moyo.

"Mama, ni tezi ya mu shingo. Inachemka. Haina bulozi," akasema. "Tutaikata. Lakini nikikata sasa, moyo itasimama pale juu ya meza. Kwanza itulie, na dawa."

"Utajua namna gani kama imetulia, docteur?"

Akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi. Mashine ya kupimia damu ilikuwa imekufa, na dawa zake hakuna. Vidonge vyenyewe tuliletewa na wachuuzi kutoka Zambia. Kwa hiyo akatunga njia yake. Ugonjwa huu, alisema, unaonekana moyoni kabla ya kuonekana kwenye damu. Kwa hiyo tutapima moyo, wote wawili: ule unaodunda na ule unaohisi. Kila sirene ya kampuni ikilia, acha unachofanya, shika kifundo cha mkono, sikiliza mapigo, halafu jiulize: sasa hivi nina nini? Hasira, hofu, au utulivu?

Kama hukukulia Kolwezi, hujui sirene ilikuwa nini. King'ora hicho kilitangaza kubadilishana kwa zamu, alfajiri, alasiri na usiku, na mji mzima ulitembea nacho. Tuliweka maharage jikoni kwa sirene, tuliwaogesha watoto kwa sirene, hata mapadri walipanga misa wakiisikiliza sirene. Daktari aliichagua kwa akili. Alisema mgonjwa akiachiwa ajipime anapotaka, atajipima akiwa amekasirika tu, siku njema atazisahau. Sirene haimpendelei mtu. Mimi mwenyewe niliona ni maneno ya maana, na hakuna mtu wa Kolwezi ambaye angeona vinginevyo. Kwetu saa ilikuwa ni sirene, basi.

Mulumba alitaka kuniandikia. Nikamwambia sitaki ukarani. Nikatafuta makopo ya maziwa, nikawa natia punje: hindi ni hasira, karanga ni hofu, haragwe ni utulivu. Nikienda hospitali nampelekea daktari makopo yangu, anayamimina mezani na kutazama fungu lipi limenona. Tukirudi nyumbani, kwa kuwa mshahara ulikuwa hadithi, Mulumba ananichokoza: "Mama Ntumba, lelo tutakula hofu ao utulivu?" Nami namjibu kwamba hofu ikikaangwa na chumvi kidogo ina ladha. Tulicheka. Nataka ijulikane kwamba tulicheka, na kwamba mchana, nikichambua sombe, majani ya muhogo, uani na Ntumba, mara nyingi niliimba. Lakini nyimbo hizo hazikuingia kwenye kopo lolote, kwa sababu sirene haikulia saa hizo.

Kwani sirene ikilia kulikuwa na nini? Sikiliza. Vijana walianza kusimama kwenye njia ya kutokea kiwandani saa za kubadilishana zamu. Walijua Bakasai watapita hapo, wakiwa na vibakuli vyao vya chakula mkononi. "Bilulu batoke!" Wadudu watoke! Mtu aliyesaga mawe ya nchi hii tangu ujana anaitwa mdudu na mtoto ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya mama yake. Siku moja Mulumba alirudi shati limechanika, siku nyingine hana viatu. Kwa hiyo sirene ilipolia, mimi nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono na macho yako barabarani. Unafikiri niliweka nini kwenye makopo? Hindi juu ya hindi, karanga juu ya karanga.

Nilijaribu kumweleza daktari. Nilifungua kinywa: "Docteur, ile saa vijana..."

Akainua mkono. "Mama, usinipe sababu. Kila mugonjwa iko na sababu. Wa mbele yako ni mukwe wake, wa nyuma ni nyumba kuvuja. Sababu inanipoteza njia. Nipe paka mahindi, mahindi tu."

Akaongeza vidonge. Mahindi hayakupungua. Akaongeza tena.

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo, na simkasirikii mwovu. Ninamkasirikia mtu aliyenipenda, aliyefanya kazi bila mshahara, naye akipita njia ileile kila siku akitukanwa tukano lilelile. Aliijua sababu kuliko mimi! Lakini alizoea kuiacha mlangoni pamoja na viatu vyake vyenye matope.

Ikaja baridi. Kolwezi miezi ya kiangazi ina baridi ya kuuma asubuhi, na upepo unaleta vumbi jeupe kutoka Kingamyambo, kule kwenye mabaki ya madini. Kila mtu alijikunyata, kwa hiyo mimi nilipoanza kusikia baridi hakuna aliyeshtuka. Midomo ilipasuka, ya wote ilipasuka. Uso ulianza kujaa, wakasema mama ananenepa, Mungu ni mwema. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume. Nilianza kulala mchana, nikiamka nalala tena. Nywele zilibaki kwenye kitana. Na zile kelele zangu zikaisha. Majirani walimpongeza Mulumba. Dada zangu walikuja wakasema, sasa tunaongea na mtu. Ngoy alifurahi kuliko wote.

Na sirene ikanyamaza. Wafanyakazi wengi walikuwa wamefukuzwa au wamejificha, mitambo ikasimama, na siku moja alasiri mji mzima ulibaki umekaa, hakuna aliyejua kama ni wakati wa kuwasha moto. Bila sirene, mimi nikaacha kujipima. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeniambia niendelee kwa jua au kwa kengele ya kanisa, wala mwenyewe sikufikiri. Ningekuwa nimejipima, kopo la maharage lingejaa hadi kumwagika na mtu angeshtuka. Lakini nilimeza vidonge vilevile vingi, kila siku, kama mtoto mtiifu. Daktari Kabeya naye alishafukuzwa nyumbani kwake, yuko stesheni na mamia ya familia zinazongoja treni ya kuwapeleka Kasai, treni ambayo haiji.

Siku yetu ilifika asubuhi. Walikuja kundi, na Ngoy mbele yao. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono. "Hii nyumba ni ya yaya yangu. Musiguse kitu. Bale babili njo bende kwabo." Nyumba ya yaya yake! Nyumba ya kampuni, iliyopatikana kwa mgongo wa Mulumba. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilinyonya ziwa moja na mimi.

Mulumba alifunga godoro, sufuria na nguo za Ntumba. Hakubishana. Alikuja nilipokuwa nimekaa, akachuchumaa mbele yangu akanishika magoti.

"Mama Ntumba, unakuya ao unabakia?"

Niliona midomo yake ikicheza. Niliona Ntumba analia amesimama na ndoo. Nilijua kwamba hili ni jambo kubwa, kama unavyojua kwamba kuna vita katika nchi ya mbali. Lakini ndani yangu hapakuwa na kitu. Hasira haikuwepo, woga haukuwepo, na mapenzi pia hayakuwepo.

"Sijue," nikasema. "Funga mulango, baridi inaingia."

Akafunga mlango. Nikalala.

Wewe unayemeza vidonge hivi, nakuomba usome maneno hayo tena. Watu wanaogopa ugonjwa unaowatikisa. Mimi naogopa ule ulionituliza.

Sijui walikaa stesheni muda gani kabla Ntumba hajarudi. Alikuja mchana kweupe, kitambaa kimefunika uso, kutafuta chumvi na blanketi. Angetambuliwa angepigwa. Alinikuta kitandani nimevimba uso, ulimi mzito. Alinieleza kwamba kule wanalala chini ya mashuka, kwamba watoto wa jirani zetu wawili wamekufa kwa surua, kwamba baba yake anakohoa. Nikamwambia chumvi iko kwenye kopo la kijani. Akanishika mkono. Ulikuwa baridi kama mkono wa maiti, ndivyo alivyoniambia baadaye. Alitoka mbio bila chumvi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Kabeya, aliyekuwa anatibu watu chini ya turubai karibu na reli. Haya nayasimulia kwa mdomo wa Ntumba. Daktari aliuliza mama alikuwaje kabla ya dozi kuongezwa. Mkali sana, ndiyo?

"Ni saa ya sirene tu, docteur," Ntumba akamjibu. "Ile saa ya baba kupita kwa bale vijana. Mchana alikuwa anaimba."

"Alikuwa anaimba?"

"Kila siku. Mikono ilikuwa haitetemeke tena. Hata sindano alikuwa anatia uzi."

Daktari alikaa chini kwenye kokoto za reli. "Aka! Mungu wangu," akasema. "Mi nilipima ile barabara. Sikupima mama yako." Kisha akamwagiza anirudie siku ileile: vidonge viachwe kabisa, mpaka baridi itoke mwilini, halafu kimoja kwa siku.

Ntumba alirudi, akavitupa vingi chooni mbele ya macho yangu, akaniachia vichache kwenye fundo la kitambaa. Ngoy, aliyekuwa amehamia mle ndani, alipoingia, Ntumba alikuwa ameshaondoka. Nilinyamaza. Haikuwa ujanja, ilikuwa uzito wa ulimi.

Uhai ulirudi polepole, na haukuanza na mambo makubwa. Kwanza nilisikia harufu ya moshi. Halafu njaa. Halafu siku moja niliota jua ukutani na nikaona ni tamu. Machozi yalikuja bila mpango wakati ninasugua gaga la kisigino, ngozi ilikuwa imekauka hivyo. Nililia nikiwa na jiwe la kusugulia mkononi, nikitaja jina la Mulumba, na bado sikuwa na nguvu ya kufika hata langoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunukia.

Ndipo Jumapili moja Ngoy akapita sebuleni akienda kanisani, amevaa koti la Mulumba. Koti la kijivu, nililolipiga pasi mimi kila Jumamosi.

Hasira ikaja. Ikapanda. Niliijua kama unavyomjua ndugu aliyerudi safarini.

"Vua," nikasema.

Akageuka. Akaniangalia usoni na akashtuka kweli. "Yaya, ugonjwa inarudia. Umekunywa dawa?"

"Vua koti ya bwana yangu."

Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji, na vidonge kwenye kiganja. Sijui alivitoa wapi, labda alijiwekea akiba. Akaniletea kwa upole, jamani, kwa upole! Akapiga goti moja kama anayemhudumia mgonjwa. "Meza, yaya. Utatulia." Kama angenipiga ningemsamehe mapema.

Nikashika kifundo cha mkono wangu. Nilisikiliza. Moyo ulikuwa unakwenda taratibu, kama wa mtu aliyekaa kivulini. Nikanyoosha vidole mbele ya uso wake: havikutetemeka hata kimoja. Jasho hakuna. Joto hakuna. Na hasira ilikuwepo, nzima, imenijaa hadi kooni. Basi hii haikuwa ya tezi. Tezi haikuwa na habari. Hii ilikuwa yangu, ya mke wa Mulumba na mama wa Ntumba.

Nilipiga kile kiganja vidonge vikaruka. "Ngoy," nikasema, "mama alituzaa siye babili mu kitanda moja. Leo unavaa nguo ya mutu ulimufukuza, na unanipa dawa nisione. Vua, ao nitapiga kelele mpaka bale vijana yako bajue baba yako mukubwa alioa wapi."

Baba yetu mkubwa alioa Kasai. Ngoy alivua haraka sana.

Nilitoka na koti mkononi. Nyumba nilimwachia. Watu wananiuliza kama ninajuta, nyumba nzuri ile, yenye umeme wa bwawa la Nzilo na bomba uani. Siku hizi nasikia kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu wanachimba madini chini ya vitanda vyao wenyewe. Wachimbe.

Rovu lilikuja kukatwa baadaye, huku Kasai, kwenye hospitali ya masista, na kabla ya kisu nilimwambia mpimaji wangu mpya: unipime ninaposuka nywele, ninapopika, ninaposubiri maji kisimani, na kila mara uniulize kwa nini. Akikataa kuuliza kwa nini, mimi sinyooshi mkono. Na wewe ufanye hivyo. Mwambie anayekupima nani anasimama barabarani kwenu. Na ukiona watu wa nyumba wanasifu utulivu wako kupita kiasi, angalia wanavaa koti la nani.

Siku ile ya koti, stesheni ilikuwa imejaa hadi nje ya uzio. Harufu yake siiandiki. Nilipita katikati ya mashuka na masufuria, miguu bado mizito, nikiita, mpaka nikamwona. Mulumba alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa, mabega yametokeza, anajaribu kuwasha mbabula, jiko la makaa. Hakuniona. Nilikuwa nimepanga njia nzima nitamwambia nini: maneno ya toba, maneno ya mapenzi. Yote yakapotea nilipoona anavyowasha.

"Nani alikufundisha kuwasha moto vile?" nikapiga kelele. "Unatia makala chini na karatasi juu! Na ile kikohozi, unakaa mu moshi sababu ya nini? Uko mutoto? Nimekuacha kidogo tu, angalia shati! Angalia ile shati, Mulumba!"

Watu waligeuka. Yeye hakuinua kichwa mara moja. Mkono wenye kiberiti ulisimama hewani, kijiti kikaungua hadi kwenye vidole, akakiacha. Kisha akanitazama, machozi yakaanza kumshuka bila kuyafuta.

"Gombeza, mama," akasema. "Gombeza tena."